Tumbo la Jongoo

Kitabu kilikuja ndani ya boksi la msaada,
hakina jalada, kurasa kumi za mwanzo zimeliwa na mchwa,
nami pale maktaba kazi yangu ni kugonga muhuri,
hata kitabu ambacho hataazima mtu.
Ukurasa wa kwanza uliosalimika: panzi.
Panzi wa jiwe jekundu, mkubwa kama paka aliyelala,
magoti yamepanda juu ya mgongo,
kichwa ameinamisha kama anayesikiliza reli.

Nikafunua. Kiroboto wa jiwe. Chura.
Nyoka amejizungusha hata huoni pa kuanzia kumhesabu.
Waazteki, kilisema, walichonga na chini,
upande wa kulalia, magamba ya tumbo moja moja,
kisha wakamlaza, wakaenda zao.

Sentensi hiyo ilinizuia kitini mpaka saa ya kufunga.

Hizza, ndugu yangu, anavunja mawe Pongwe.
Ndoo ya kokoto haifikii bei ya soda,
na chokaa imemkaa kwenye nyusi,
anazeeka hata akicheka.
Nilimpelekea kitabu Jumapili, nimekifunga kwenye kanga.
Akapitisha kidole chini ya picha
kana kwamba karatasi nayo ina tumbo.
"Huyu fundi, patasi yake ilikuwa nini?"
Jiwe, nikasema. Chuma hawakuwa nacho.
Akanyamaza, akaitazama nyundo yake
kama mtu aliyekumbushwa deni.

Panzi alimkataa. Magoti yalivunjika mara mbili,
kunguru wa Pongwe wakafurahi bure.
Kiroboto alisema hamchongi, wanajuana mno.
Akachagua jongoo,
yule wa masika, mweusi, anayevuka kizingiti
kama gari moshi lisilo na abiria.
Si aliyejiviringa, alisema. Huyo kila mtu anamweza.
Wangu yuko safarini.

Bi Mwanamvua wa nyumba ya pili akasimama uani,
ungo kiunoni.
"Hizza, siku ya kiama utaambiwa umpulizie roho."
"Najua."
"Utaweza?"
"Sitaweza. Lakini akipuliziwa na Mwenye kuweza,
asije akanisuta mbele ya watu
kwamba nilimnyima miguu."
Ndipo akamgeuza chali.

Siku tisa alichonga pasipoonekana.
Mguu, mfuo, mguu.
Jiwe la kwetu lina tabia ya mkate wa juzi,
gumu nje, ndani linamumunyuka,
na patasi ilipoteleza alitukana kwa Kisambaa,
lugha anayoitunza kwa shughuli hiyo tu.
Watoto walikuja kuhesabu. Walipotelea kwenye sitini,
wakaanza upya, wakapigana.

Alinunuliwa na mwenye gesti moja ya Ngamiani,
mtu wa swali moja:
"Ni kizito? Mlango wangu wa mbele unapigwa na upepo."
Elfu kumi na mbili.
Hakumgeuza.
Hizza naye hakusema kitu. Alikunja noti,
akarudi kwenye kokoto, na jioni hiyo alikula kidogo.

Mimi ndiye niliyekwenda. Mwezi wa nne, mvua,
nikijidai naulizia chumba cha mgeni.
Binti wa usafi alikuwa amepaka sakafu dawa nyekundu, ile ya kopo,
ikamganda jongoo tumboni kabla haijakauka.
Alimsogeza kwa teke, mara tatu,
kutoka mlangoni mpaka ukutani, kwenye simenti ambayo bado haijapakwa.
Nikachuchumaa, mwavuli ukinidondokea viatuni.
Safu mbili za vidoti vyekundu, tena mbili, tena mbili,
zinafuata ukuta kuelekea jikoni,
na kila safari upande wa kushoto pana pengo,
pale patasi ilipoteleza.

"Sijui ni mdudu gani huyu," binti alisema, akikamua tambara.
"Nafuta, anarudi."